Ndege za Zamani na Alama za Mahali: Kuzisoma Picha za Bunia na Ituri

Picha za zamani za Bunia zina tatizo ambalo picha za miji kadhaa ya Kongo hazina. Mwaka 1966 Stanleyville ikawa Kisangani, Léopoldville ikawa Kinshasa, na Paulis ikaitwa Isiro. Jina lililoandikwa nyuma ya kadi ya posta latosha kumjulisha mtazamaji kama picha ni ya kabla au ya baada. Bunia imebaki Bunia tangu enzi za Wabelgiji, na majina ya Irumu, Kasenyi na Mahagi nayo hayakuguswa. Anayetaka kujua umri wa picha iliyopigwa huku hana budi kuvitazama vitu vilivyomo, na hakuna kinachosema wazi kuliko ndege iliyoegeshwa majanini. Mlima na ziwa hutaja mahali. Ndege hutaja mwaka, tena mara nyingi humtaja na aliyegharamia safari.

Mji wenyewe uko kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kiasi cha kilomita 30 magharibi mwa Ziwa Albert. Upande wa mashariki nchi hukatika ghafla: barabara ya Kasenyi, ikishapita Bogoro, huteremka kuta za Bonde la Ufa hadi ufukweni, ambako maji yako kwenye kimo cha mita 620 hivi. Kuta hizo, zikitazamwa kwa mbali asubuhi, ndizo sehemu ya safu ambayo Wabelgiji waliiita Milima ya Buluu. Upande wa magharibi nyasi huishia kwenye msitu wa Ituri. Kusini, karibu na njia ya kwenda Beni, uko Mlima Hoyo wenye mapango ya mawe ya chokaa na maporomoko yanayoshuka kwa vidato, ambayo wakoloni waliyabandika jina la Ngazi za Venus. Mtu akizifahamu alama hizi nne, yaani ziwa, ukingo, mbuga na Hoyo, hapotei sana.

Kimo cha nchi kinaeleza pia aina ya ndege zinazoonekana. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi. Mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua, injini ya pistoni hupungukiwa pumzi, na ndege hulazimika kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kupaa. Ongeza viwanja vifupi vya udongo na mvua za sehemu kubwa ya mwaka, na orodha ya ndege zinazofaa inakuwa fupi sana. Ndiyo maana aina chache tu hujirudia katika picha za miongo mingi.

Wapiga picha wa kwanza walikuja kwa miguu. Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa na jumba la makumbusho ya historia ya asili la New York, walizunguka kaskazini mashariki mwa Kongo kuanzia 1909 hadi 1915, na Lang akarudi na picha zinazokaribia 10,000. Katika kazi yote hiyo mizigo iko vichwani mwa wapagazi. Wakati huo dhahabu ilikwisha kuonekana Kilo: watafutaji wawili kutoka Australia waliikuta mwaka 1903, uchimbaji ukaanza 1905, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto. Dhahabu ndiyo iliyovuta barabara, na barabara ndizo zilizoikuza Bunia hadi ikaipita Irumu, iliyokuwa makao ya utawala kabla yake. Katika picha za miaka ya 1930 chombo cha fahari huku si ndege bali ni meli. Robert Coryndon, meli ya reli na bandari za Kiingereza, ilivusha abiria na mizigo kati ya Butiaba, upande wa Uganda, na Kasenyi na Mahagi upande wa Kongo. Picha inayoionyesha ikielea ni ya kabla ya 1964, mwaka ilipozama baada ya maji ya ziwa kupanda na kuiharibu bandari ya Butiaba. Mabaki yake yalikaa pale miongo kadhaa, nayo yamepigwa picha nyingi pengine kuliko meli yenyewe ilipokuwa hai.

Kongo ya Wabelgiji iliijua ndege mapema. Mwaka 1920 ndege za majini za shirika lililopewa jina la Mfalme Albert zilianza kufuata Mto Kongo kutoka Léopoldville, zikafika Stanleyville mwaka uliofuata, kisha shirika likafa 1922. Mwaka 1925 Edmond Thieffry aliruka kutoka Brussels hadi Léopoldville kwa siku 51. Lakini hayo yalikuwa mambo ya magharibi. Anga ya Ituri ilikuwa jirani na njia nyingine, ile ya Mto Nile, ambako Imperial Airways ya Uingereza ilianza kupeleka barua hadi Mwanza mwaka 1931 na hadi Cape Town mwaka 1932. Ndege hizo zilipita mashariki ya ziwa bila kuihitaji Bunia.

Watu wawili wa kipindi hicho wanaonyesha jinsi kamera ilivyoweza kuificha ndege au kuitangaza. Casimir Zagourski, Mpolandi aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la anga, alihamia Léopoldville mwaka 1924 na kutoa mfululizo wa kadi za posta kuhusu Afrika aliyodai inatoweka, zikiwemo za watu wa kaskazini mashariki mwa Kongo. Mtu huyo aliyetoka katika ulimwengu wa injini alichagua fremu zisizo na injini, gari wala waya wa simu. Uzuri wa picha zake haubishaniwi; ushahidi wake juu ya miaka ile ni wa nusu. Kinyume chake ni Martin na Osa Johnson, mume na mke kutoka Kansas. Walirekodi filamu yao ya Congorilla, iliyotoka 1932, wakiwa pamoja na Wambuti wa msitu wa Ituri, na safari hiyo ilikuwa ya magari. Baadaye tu, mwaka 1933, walirejea Afrika na ndege mbili za Sikorsky ziwezazo kutua majini na nchi kavu, moja ikiwa imepakwa milia ya pundamilia na nyingine madoa ya twiga. Kwa hiyo picha yenye ndege ya milia haiwezi kuwa ya safari ya Congorilla, hata maelezo yake yakidai hivyo.

Kisa kikubwa kuliko vyote kilitokea kaskazini, kiasi cha kilomita 250 kutoka Bunia, katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Haut-Uele. Tarehe 14 Machi 1939 ndege ya majini ya Imperial Airways iitwayo Corsair, yenye alama za usajili G-ADVB, ilikuwa ikitoka Ziwa Viktoria kwenda Juba. Kifaa cha kutafutia mwelekeo kwa redio hakikufanya kazi ipasavyo. Rubani, E. S. Alcock, ndugu wa John Alcock aliyevuka Atlantiki bila kutua mwaka 1919, akajikuta magharibi mno, mafuta yakikaribia kwisha na Mto Nile hauonekani. Akaona mto mwembamba, Mto Dungu, karibu na Faradje, akatua humo. Kutua kwenyewe kulikuwa kwa ustadi. Ila tumbo la ndege likagonga mwamba uliojificha chini ya maji likapasuka, na ndege ikakaa kwenye matope karibu na ukingo. Abiria na wahudumu wote wakatoka hai.

Kampuni haikutaka kuiacha. Ndege za aina hiyo, zenye injini nne na tumbo mfano wa merikebu, zilikuwa ghali na chache, na vita vilikuwa vikinukia Ulaya. Mafundi kutoka kiwanda cha Short huko Rochester wakaletwa hadi Faradje, ndege ikavutwa kando, tumbo likaunganishwa upya. Jaribio la kwanza la kuirusha, mwezi Julai, lilishindikana: mto ulikuwa mfupi na una mawe, ndege ikapasuka tena. Ndipo likaja wazo la kuubadilisha mto badala ya ndege. Wakazi wa eneo hilo waliajiriwa kujenga bwawa la kuinua kina cha maji na kuitengenezea ndege njia ya kutosha kupaa. Kambi ya wafanyakazi ikageuka kijiji, na kijiji kikaitwa Corsairville. Tarehe 6 Januari 1940 rubani Kelly Rogers aliiondoa Corsair mtoni, miezi kumi kasoro siku chache tangu ilipotua, ikarudi kazini.

Picha za kisa hicho ni miongoni mwa chache za enzi ile ambamo mashine ya kifahari inaonekana imekwama na kuwategemea watu ambao kadi za posta ziliwaonyesha kama mapambo ya mandhari tu. Mamia ya mikono ilibeba mawe na udongo ili ndege moja ipae. Majina ya wenye mikono hiyo hayakuwekwa kwenye maelezo ya picha. La Alcock na la Kelly Rogers yaliwekwa. Mtu asiyekijua kisa, akiiona ndege ya majini katikati ya nyasi za Faradje, kilomita nyingi kutoka ziwa lolote, hudhani picha imeunganishwa.

Baada ya Vita vya Pili ndege ikawa jambo la kawaida. Ulaya na Marekani zilikuwa zimejaa ndege za kijeshi zisizohitajika tena, na iliyofaa kuliko zote kwa viwanja vya Kongo ilikuwa Douglas DC-3 na ndugu yake wa kijeshi, C-47. Ndege hiyo iliruka mara ya kwanza Desemba 1935, na ya kijeshi pekee ilitengenezwa kwa idadi inayozidi 10,000. Gurudumu lake la tatu liko mkiani, ndiyo maana ikiwa chini hukaa pua juu na mkia chini, umbo ambalo hata mtoto huweza kulitambua pichani. Mkao huo uliziweka panga za injini mbali na kokoto. Sabena, shirika la Ubelgiji, liliitumia kote katika mtandao wake wa ndani, Bunia ikiwemo, na abiria wake walikuwa maofisa, wamisionari, walowezi na wahandisi wa migodi. Idara ya habari ya koloni ilisambaza picha za aina moja: ndege inang'aa, ngazi imeshushwa, familia ya kizungu inateremka, mpagazi yuko pembeni. Nyingi zimehifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren karibu na Brussels. Mlima Hoyo ulipigwa picha za namna hiyohiyo kwa ajili ya watalii, mara nyingi Wambuti wakisimamishwa mbele ya maporomoko.

Ajali iliyolipa ziwa hili umaarufu duniani ilitokea ng'ambo. Januari 1954 mwandishi Ernest Hemingway na mkewe Mary walikuwa wakiruka kwa Cessna juu ya maporomoko ya Murchison, ndege ikagonga waya wa zamani wa simu ikaanguka. Kesho yake wakachukuliwa na boti hadi Butiaba, wakapanda ndege nyingine, de Havilland Rapide yenye mabawa mawili mawili, nayo ikawaka moto ilipojaribu kupaa. Magazeti ya nchi kadhaa yalikwisha kutangaza kifo chake. Mwandishi alinusurika akiwa na majeraha mabaya, na mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobel. Rapide ilitengenezwa kwa mbao na kitambaa; ikishika moto haiachi cha kupigwa picha, na kwa kweli kilichobaki Butiaba kilikuwa kidogo.

Kwa picha za baada ya 1960 herufi za usajili husaidia kuliko umbo. Ndege za koloni zilibeba OO, alama ya Ubelgiji. Baada ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 zikaja 9O, zilizodumu muda mfupi, kisha 9Q ambazo Kongo inazitumia hadi leo. Picha yenye 9O ni ya miaka miwili ya mwanzo ya uhuru, na ni adimu. Mkiani napo kuna habari: Air Congo, iliyoanzishwa 1961, ilibadilishwa jina kuwa Air Zaïre mwaka 1971, ikapakwa chui arukaye.

Kati ya majina hayo mawili kuna kipindi cha vita. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki mwa Kongo pamoja na Bunia, na mwishoni mwa mwaka huo serikali ilirudi ikiwa na mamluki wa Mike Hoare. Machi 1965 msafara wa Hoare uliondoka Bunia kuelekea Mahagi, Aru, Faradje na Aba ili kuifunga mipaka ya Uganda na Sudan. Uwanja wa Bunia ukawa kituo cha mbele cha ndege zilizoulinda msafara huo: T-28, ndege za mafunzo za Kimarekani zilizofungwa silaha, na B-26K, ndege za kuangusha mabomu za Vita vya Pili zilizofumuliwa na kujengwa upya California. Wengi wa marubani wa ndege hizo walikuwa Wakuba waliomkimbia Fidel Castro na kuajiriwa na shirika la ujasusi la Marekani. T-28 hujulikana kwa pua nene na kioo kirefu cha viti viwili. B-26K kwa matangi ya mafuta kwenye ncha za mabawa. Tarehe 13 Februari 1965 ndege kutoka upande wa Kongo zilishambulia Goli na Paidha nchini Uganda, jambo lililozua mgogoro mkubwa kati ya Kampala na Léopoldville. Kwa wapenda ndege za kale, picha za B-26K kwenye udongo mwekundu ni hazina. Kwa watu wa Mahagi na Aru ni ndege zilizoshusha mabomu, na maelezo ya picha hizo aghalabu husahau upande huo.

Enzi za rais Mobutu ziliacha kipimo kimoja rahisi cha tarehe. Miaka ya 1970 Ziwa Albert lilipewa jina la Mobutu Sese Seko, nalo lilitumika nchini hadi utawala wake ulipoanguka 1997. Ramani au kadi yenye jina hilo haiwezi kuwa ya nje ya kipindi hicho. Kwa picha kipindi chenyewe ni maskini. Kupiga picha viwanja vya ndege, madaraja na majengo ya serikali kulikatazwa au kuhitaji kibali, na mwenye kamera aliweza kujikuta kituo cha polisi. Picha nyingi za Bunia za wakati huo zimepigwa kutoka dirishani, bawa likiziba robo ya fremu. Air Zaïre yenyewe ilidhoofika mwaka hadi mwaka hadi ikafilisika 1995.

Pengo hilo lilizibwa kwa sehemu na ndege ndogo za makanisa. Mission Aviation Fellowship, iliyoingia Kongo mwaka 1961, ilihudumia Ituri kutoka Nyankunde, kilomita 45 hivi kusini magharibi mwa Bunia, ambako daktari Carl Becker na wenzake walijenga kituo kikubwa cha tiba baada ya vita vya Simba. Cessna 206 yenye injini moja ilitua kwenye viwanja vya nyasi, ikabeba dawa, wagonjwa na wauguzi. Ndege hiyo hunywa petroli maalumu ya ndege, iliyozidi kuadimika na kupanda bei. Ndiyo sababu mojawapo ya Cessna Caravan, itumiayo mafuta ya taa ya ndege, kuchukua nafasi kubwa. Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa, mamia ya watu wakauawa, hospitali ikaporwa. Picha za kabla ya hapo, zenye ndege nyeupe mbele ya vilima na wagonjwa kwenye machela, ni kumbukumbu ya kituo jinsi kilivyokuwa.

Kufikia hapo mwonekano wa uwanja wa Bunia, uitwao Murongo, ulikuwa umebadilika tena. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, ndege zake za mizigo ziliuzwa au kukodishwa kwa bei ndogo, na Antonov pamoja na Let L-410 ya Kicheki zikamiminika Kongo. Bawa la ndege hizi liko juu ya mwili na magurudumu ni manene, hivyo panga ziko mbali na mawe: sifa ileile iliyoipa DC-3 uhai. Wakati wa vita vilivyoanza 1998, jeshi la Uganda lilipokuwa Bunia, ndege za namna hiyo ziliingiza bidhaa na kubeba dhahabu na wafanyabiashara, na silaha pia. Rangi zilizochubuka na herufi zilizofutwa kwa brashi huzifanya ziwe ngumu kutambulika, na hilo halikuwa bahati mbaya. Mwaka 2006 Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku mashirika ya Kongo karibu yote kuruka katika anga yake.

Mei 2003 majeshi ya Uganda yalipoondoka, wanamgambo waligombea mji, na maelfu ya wakazi wakakimbilia karibu na uwanja na makao ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1484, na tarehe 6 Juni Wafaransa wa kwanza wa operesheni Artemis, ya Umoja wa Ulaya, wakatua. Njia ya kurukia ilikuwa imechakaa, ikabidi wahandisi waitengeneze huku ikitumika. Ndege kubwa ziliishia Entebbe, karibu kilomita 300, na mizigo ikahamishiwa kwenye C-130 na Transall C-160. Hapa ndipo makosa ya maelezo huzaliwa kwa wingi: picha nyingi zinazodaiwa kuwa za Bunia zina maji mapana nyuma ya njia ya kurukia. Maji hayo ni Ziwa Viktoria, na mahali ni Entebbe. Kutoka Murongo hakuna ziwa linaloonekana. Artemis ilikabidhi kazi kwa kikosi cha Umoja wa Mataifa mwanzoni mwa Septemba 2003. Tangu hapo helikopta nyeupe zimekuwa sehemu ya mandhari, zikiwa za kikosi hicho, MONUC, hadi katikati ya 2010 na za mrithi wake, MONUSCO, baada ya hapo.

Bunia ikawa makao makuu ya mkoa wa Ituri mwaka 2015, na picha za leo za mji huwa na Boulevard de la Libération, bodaboda, mabati mapya na Caravan inayoshuka juu ya mapaa. Ndege za misaada za Umoja wa Mataifa na zile za wamisionari hutumia uwanja uleule uliowahi kupokea DC-3 na T-28. Barabara nyingi zinazouzunguka mji hazipitiki kwa usalama, hivyo hata safari ya kilomita mia moja hulazimika kuwa ya angani. Mpiga picha anayetaka Kasenyi au Mlima Hoyo katika fremu moja na ndege bado huipata kwa njia ile ya zamani: dirishani, muda mfupi baada ya kupaa.